Uzi: Pensheni ya wazee, likizo ya uzazi, matunzo ya watoto: hoja zetu wana Tanga zinakwama wapi bungeni?

Mwana wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko Tanga na mliotoka mkaacha wazazi huku.

Kila Bunge likikaa Dodoma, vijiwe vya Ngamiani vinajaa swali moja: mbunge wetu kasema nini, kapigiwa makofi au kanyamaziwa? Mkutano ukiahirishwa, wazee wanabaki na vitambulisho vyao vya matibabu, kina mama waliotelekezewa watoto wanabaki kwenye mabenchi ya ustawi wa jamii, na sisi tunarudi kulaumu. Nasoma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, kwa muda mrefu sasa, na leo nataka kusema ninachoamini: tunatazama mahali pasipo. Muswada wa kusaidia wazee, watoto au familia hauamuliwi siku ile mnayoiona kwenye televisheni. Unaamuliwa kwenye kamati, na mara nyingi unaamuliwa na kifungu kimoja tu, kile kinachosema fedha zitatoka wapi.

Tuanze na Katiba, maana wengi hawajui kwamba imetutaja. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Maneno mazuri kabisa. Lakini yamo kwenye Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na Ibara ya 7(2) inasema mambo ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Mzee wa Makorora hawezi kwenda kwa hakimu na Ibara ya 11 mkononi akadai chochote. Anahitaji sheria iliyotungwa na Bunge. Sera nayo haitoshi. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, inazungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, na bado mzee anafika dirishani kwenye kituo fulani cha afya mjini hapa, anaonyeshwa bango la "Mpishe mzee kwanza", anapishwa kweli, halafu anaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Atamshtaki nani, kwa kifungu gani?

Sasa safari ya muswada. Unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Unasomwa Mara ya Kwanza, na hapo hakuna mjadala: Katibu Mezani anasoma jina lake, basi. Spika anaupeleka kwenye kamati ya kudumu inayohusika. Kamati inauchambua, inamwita Waziri na wataalamu wake, inawaita wadau watoe maoni. Kisha ndipo Kusomwa Mara ya Pili, Waziri anatoa hoja, Mwenyekiti wa Kamati anasoma maoni ya kamati, Kambi ya Upinzani kama ipo inasema yake, wabunge wanachangia. Hiyo ndiyo siku tunayoijua sisi. Halafu Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima, vifungu vinapita kimoja kimoja, unasomwa Mara ya Tatu, unakwenda kwa Rais kwa mujibu wa Ibara ya 97. Akiusaini ndiyo sheria.

Hapo kwenye Kamati ya Bunge Zima naomba mtulie kidogo. Katibu anataja "Kifungu cha 1, Kifungu cha 2", Mwenyekiti anahoji, wanaoafiki wanasema ndiyo. Fungueni Hansadi yoyote ya muswada mtaona mstari huu umejirudia ukurasa mzima: "Kifungu kilichotajwa hapo juu kilipitishwa na Kamati ya Bunge Zima bila mabadiliko yoyote." Kurasa chache nyuma mtaona mbunge yule yule mnayemsifu amezungumza kwa uchungu kuhusu wajane na yatima, na pembeni pameandikwa "Makofi". Makofi yapo, kifungu hakijaguswa. Kwa nini? Kwa sababu mchango wa mdomo si marekebisho. Mbunge anayetaka kifungu kibadilike analeta jedwali la marekebisho, limeandikwa, limewasilishwa kwa Katibu wa Bunge kabla. Asiyeleta jedwali amehutubia tu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mbunge akirudi jimboni si "ulisema nini?" Mwulizeni: jedwali lako liko wapi?

Bi Chumbageni

Nakazia, kaka. Mimi ni mtumishi, kazi yangu inanikutanisha na familia kila siku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetusaidia sana, baba anaitwa, akigoma shauri linakwenda mahakamani na amri ya matunzo inatoka. Lakini naomba uniambie, mbona sheria ile ilipita na ya kuwalipa wazee haijapita? Wote si wanyonge?

Mwana wa Ngamiani

Dada, umegonga penyewe. Tazama nani analipa. Kwenye Sheria ya Mtoto, mlipaji wa matunzo ni mzazi. Hazina haitoi fedha ya chakula cha yule mtoto, inatoa utaratibu wa kumbana baba. Pensheni ya wazee inalipwa na Mfuko Mkuu wa Hazina, mwezi baada ya mwezi, miaka yote. Hapo ndipo Ibara ya 99 inapoingia. Inasema Bunge halitashughulikia muswada unaotoza kodi au unaoagiza malipo kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa Rais amependekeza jambo hilo lishughulikiwe na Waziri amewasilisha pendekezo hilo.

Maana yake mbunge wako, hata awe na moyo wa dhahabu, hawezi kusimama na muswada binafsi akasema kila mzee wa miaka 70 alipwe kutoka Hazina. Hautafika popote bila Serikali. Anaweza kushawishi, anaweza kuhoji, anaweza kuleta muswada binafsi juu ya jambo lisilogusa fedha za umma. Lakini mlango wa fedha ufunguo wake uko upande wa Serikali. Watu wa Tanga tunawapigia kelele wabunge juu ya mlango ambao hawana ufunguo wake, na lile wanaloweza kulifanya kweli, yaani jedwali na kazi ya kamati, hatuwadai.

Mzee wa Amboni

Vijana wangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu, na ninayoandika haya ananiandikia yeye. Nimekata mkonge tangu nikiwa kijana. Tulikuwa vibarua, leo upo kesho haupo, mwajiri hakukata chochote kupeleka popote. Sasa mgongo umekwisha. Nina ndugu yangu yuko Wete, umri wetu mmoja, yeye kila mwezi anapokea fedha yake ya uzee. Yeye hakuwahi kuajiriwa hata siku moja, alikuwa mvuvi na mkulima wa karafuu. Naomba mnieleze, sisi tuna kosa gani? Bahari hii hii, ukiwa Raskazone unaiangalia Pemba iko upande ule.

Mpemba wa Makorora

Shikamoo mzee. Hilo nalijua vizuri, bibi yangu yuko Mkoani anaipokea. Inaitwa Pensheni Jamii. Ilianza Aprili 2016, kwa kila aliyefika miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Mwanzo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa. Siku ya malipo bibi anavaa kanga mpya, anachukua kitambulisho anakwenda kituoni na wenzake. Fedha si nyingi lakini sukari, sabuni na nauli ya hospitali hamwombi mtu.

Kwa nini huko na si huku: mambo ya ustawi wa jamii hayamo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Zanzibar ina Baraza lake la Wawakilishi na bajeti yake. Walianza kulipa kwa uamuzi wa Serikali na bajeti, na mwaka 2020 Baraza likatunga Sheria ya Masuala ya Wazee. Kwa hiyo mzee wangu, huna kosa lolote. Ni mabunge mawili na mifuko miwili.

Mzee wa Amboni

Marahaba mwanangu. Basi walianza kulipa kwanza, sheria ikaja nyuma. Hilo nimelishika.

Wakili Korogwe

Naomba niongeze, maana mzee ametaja jambo kubwa. Kuanza kwa bajeti kuna uzuri wa haraka na ubaya wa kutokuwa na uhakika. Chukueni mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa miaka mingi lilikuwa agizo. Halmashauri moja inatoa, nyingine inasema makusanyo hayakutosha, na hakuna wa kuiuliza. Mwaka 2018 Bunge likaliingiza kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, na kanuni zikafuata zikiweka mgawo wa nne, nne na mbili. Tangu hapo mkaguzi akikuta halmashauri haijatenga, anaandika hoja. Na tazameni ilivyopita: haikuja kama muswada wa ustawi wa jamii, ilikuja ndani ya Sheria ya Fedha ya mwaka ule. Anayesubiri muswada wenye jina la wazee au familia unaweza kumpita mwingine bila kuujua, umevaa jina la fedha au la marekebisho ya sheria mbalimbali. Someni hiyo ya "Sheria Mbalimbali" hasa. Humo ndimo vinamopenya vifungu vya ndoa, watoto na kazi.

Jambo la pili. Wengi wanasema "mbunge ashike shilingi", yaani azuie fungu la Waziri mpaka apewe jibu. Shilingi inashikwa kwenye Kamati ya Matumizi, wakati wa bajeti ya wizara, kwenye mshahara wa Waziri. Kwenye muswada hakuna shilingi ya kushika. Bunge la Bajeti linaanza Aprili, na wizara yetu hapa ni ile ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyotenganishwa na Afya Januari 2022. Kama mnataka Waziri aahidi jambo la wazee mbele ya Bunge na liandikwe kwenye Hansadi, siku hiyo ndiyo yake. Mkiwa na muswada mkononi, silaha ni jedwali.

Kijana wa Pongwe

Mkuu mwanzisha uzi, nakuheshimu ila sikubaliani nawe kwenye kamati. Kamati wanakaa Dodoma, wabunge wake karibu wote wa chama kimoja na Waziri. Wadau wanaoitwa ni mashirika makubwa yenye ofisi Dar. Sisi wa Pongwe tutasikika wapi? Muswada ukiingia na hati ya dharura ndiyo kabisa, unasomwa na kupita ndani ya Mkutano mmoja. Mimi naona kamati inapiga muhuri tu.

Mwana wa Ngamiani

Ndugu yangu, kwenye hati ya dharura uko sahihi na linaniumiza. Muswada wa kawaida unasomwa Mara ya Kwanza kwenye Mkutano mmoja, na Mara ya Pili kwa kawaida unasubiri Mkutano unaofuata. Katikati hapo ndipo wananchi wanapata nafasi ya kuusoma na kuandika. Hati ya dharura inaila nafasi hiyo. Muswada unaogusa maisha ya mama na mtoto kwa miaka ishirini ijayo sioni udharura wake ni nini, na mbunge anayekubali upite hivyo bila hata kuhoji anatunyima haki.

Lakini kusema kamati ni muhuri tu, hapana. Kumbuka Bima ya Afya kwa Wote. Muswada ulisomwa Mara ya Kwanza Septemba 2022, na aliyekuwa Waziri wa Afya ni Ummy Mwalimu, wakati huo mbunge wa hapa hapa Tanga Mjini. Watu walitarajia Novemba 2022 usomwe Mara ya Pili upite. Haukusomwa. Mashauriano kati ya kamati na Serikali hayakuwa yamekamilika, na fundo kubwa lilikuwa fedha: wasio na uwezo watalipiwa na nani, kwa chanzo gani? Serikali ile ile, chama kile kile, na kamati ikasimama pale. Muswada ulipita Novemba 2023, zaidi ya mwaka baadaye, na safari hii mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo ulikuwa umewekwa ndani ya sheria pamoja na vyanzo vyake, ukiwemo ushuru wa vitu kama vinywaji vyenye kaboni, vileo na vipodozi.

Nani alipigiwa makofi kwa hilo? Hakuna. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya sheria inayosema "wasio na uwezo watasaidiwa" na inayosema watasaidiwa kwa fedha hii, kutoka ushuru huu, kwenye mfuko huu. Ile ya kwanza ni Ibara ya 11 imerudi kwa sura nyingine. Kazi hiyo ilifanyika kwenye chumba ambacho kamera hazikuwa na haja nacho.

Mama Mapacha

Asalaam aleikum. Naomba kuchangia kwa upande wa uzazi, maana nimeishi humo. Nilijifungua kabla ya wakati, watoto wakakaa wodini wakisaidiwa kupumua, nami nimelala nao kifuani ngozi kwa ngozi, kitenge kimefungwa usiku na mchana ili wapate joto. Likizo ilikuwa inahesabika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84, na 100 akizaa zaidi ya mmoja. Siku hizo zikaliwa hospitalini. Nilirudi kazini wanangu wakiwa na uzito wa mtoto wa jana. Mwajiri wangu simtaji, ila hakuongeza hata siku moja, na kwa sheria ya wakati ule hakulazimika.

Ndiyo maana nilifuatilia mabadiliko yale. Wanaharakati wa watoto njiti, Doris Mollel akiwa mbele yao, walisema kwa miaka. Mei Mosi 2024 kule Arusha Serikali ikatamka kwamba itaongeza muda. Muswada wa marekebisho ya sheria za kazi ukaenda bungeni, ukapita mapema 2025. Sasa mama aliyejifungua njiti anaongezewa muda uliobaki kufikia wiki 40 za ujauzito. Nililia niliposoma.

Ila nina swali kwa mwanzisha uzi na wakili. Sheria ile ni ya mwenye mwajiri. Mama anayeuza samaki pale Deep Sea, akijifungua mtoto wa kilo moja na robo, ana likizo gani?

Wakili Korogwe

Dada Mama Mapacha, pole kwa uliyopitia, na hongera kwa wanao. Jibu la swali lako ni chungu: hana. Na hapo kanuni ya mwenzetu ya "nani analipa" inaonekana vizuri. Kuongeza likizo mzigo wake mkubwa unabebwa na mwajiri, kwa hiyo Serikali ilileta muswada na ukapita bila mvutano mkubwa wa fedha. Mama wa Deep Sea akipewa posho ya uzazi, mlipaji ni umma, na tunarudi Ibara ya 99.

Bi Chumbageni

Samahani niingilie. Kanuni hiyo ya nani analipa haielezi kila kitu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 je? Kubadili umri wa kuolewa hakuli hata senti ya Hazina. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu vile vinavyomruhusu binti wa miaka 15, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakwenda kinyume na Katiba. Ikampa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka mmoja wa kurekebisha, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo. Mwaka ukaisha, marekebisho hayajafika. Sisi tunaopokea mabinti hawa ofisini, na mimba zao, na daftari la shule bado liko kwenye mkoba, tunajua maana ya kuchelewa huko.

Mwana wa Ngamiani

Dada, hapo umenena na sina la kupinga. Fedha ni kikwazo kikubwa lakini siyo pekee. Kwenye ndoa kikwazo ni imani na mila, na Serikali inaogopa kugusa bila kuzunguka kwa viongozi wa dini na wazee. Mimi ni Mwislamu, nimekulia Ngamiani, na nasema kwa nafsi yangu: binti wa miaka 15 ni mtoto. Wanazuoni wetu wengi wanalijua hilo. Waende kwenye kamati waseme wenyewe, wasiache wanasiasa wajifiche nyuma ya vilemba vyao.

Na hili linaonyesha jambo lingine. Mahakama inaweza kusema kifungu ni kibovu, lakini kuandika kifungu kipya ni kazi ya Bunge, na Bunge linasubiri muswada.

Kijana wa Pongwe

Nimekuelewa kwenye bima, hilo la Novemba 2022 sikulijua. Basi tuelekezeni. Tuseme kesho umechapishwa muswada wa wazee. Mtu wa Pongwe afanye nini? Nauli ya kwenda Dodoma kupitia Segera, Chalinze na Morogoro, na pa kulala, hana.

Wakili Korogwe

Huhitaji kusafiri. Maoni yanapokelewa kwa maandishi, unayaelekeza kwa Katibu wa Bunge na kutaja kamati. Kwa mambo haya mara nyingi ni Kamati ya Ustawi na Maendeleo ya Jamii, na ya tiba ni ile ya Afya na Masuala ya UKIMWI. Miswada inawekwa kwenye tovuti ya Bunge. Anza kuisoma mwishoni, kwenye "Madhumuni na Sababu", uelewe Serikali inataka nini, kisha rudi kwenye vifungu. Siku hizi lugha ya sheria ni Kiswahili kufuatia mabadiliko ya 2021, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutoelewa.

Usiandike kurasa kumi za malalamiko. Wajumbe wanapokea makaratasi mengi. Taja namba ya kifungu, sema kibadilikeje, andika maneno unayotaka yawekwe, na sababu kwa mistari michache. Ukiandika hivyo mjumbe anaweza kuyachukua yalivyo akayaweka kwenye jedwali lake. Na nakala mpe mbunge wako mkononi.

Tazameni pia vifungu vinavyosema Waziri atatunga kanuni. Nani mzee asiye na uwezo? Atathibitishwa na mtendaji wa mtaa, na kamati ya mtaa, au na ofisa ustawi? Mara nyingi hayo yanaachwa kwenye kanuni, na kanuni hazijadiliwi na Bunge kabla hazijatoka. Kama mnataka jambo lisichezewe, liombeni liingie kwenye sheria yenyewe. Na ulizeni tarehe ya kuanza. Sheria nyingi zinaanza siku ambayo Waziri ataitangaza kwenye Gazeti la Serikali, na siku hiyo inaweza kuchelewa.

Mzee wa Amboni

Mjukuu aandike hivi. Mimi ningeomba wasiniandikie "asiye na uwezo". Nani atanipima? Mtendaji atasema nina mnazi na mbuzi wawili. Kule Wete hawaulizi mbuzi, wanauliza miaka. Waandike miaka tu.

Mwana wa Ngamiani

Mzee wangu, shikamoo. Hilo ndilo pendekezo la kwanza la uzi huu, na nimelinakili kama ulivyosema. Mama Mapacha, naomba uniandikie la mama asiye na mwajiri, kwa maneno yako. Bi Chumbageni, la umri wa ndoa na la muda wa kusikiliza mashauri ya matunzo. Wakili atatupangia kwa mtindo wa vifungu. Hatuna muswada mezani leo, lakini Bunge la Bajeti linakuja, na mapendekezo haya tunampelekea mbunge mkononi kabla hajaondoka kwenda Dodoma, tukimwomba ayaulize siku ya wizara ile. Muswada ukichapishwa, tunayo tayari.

Kijana wa Pongwe

Mimi nitachukua kazi ya kuangalia tovuti ya Bunge na Gazeti la Serikali kila Ijumaa. Kikitoka chochote chenye wazee, ndoa, watoto au "Sheria Mbalimbali", nakitupia hapa siku hiyo hiyo. Nani yuko Muheza na Pangani tugawane kukusanya saini?